Florida State au Alabama? Chagua swali kabla hujachagua timu

Ghala ninalofanyia kazi liko Irving, pembeni mwa Dallas, na kutoka pale hadi Grapevine kwa gari ni mwendo mfupi. Nautaja mji huo kwa sababu katika hoteli moja kubwa ya huko ndimo watu 13 hujifungia mwishoni mwa kila msimu kuamua vyuo gani viingie kwenye mtoano wa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani. Wao wakimaliza kazi yao mapema Desemba, yetu ndiyo huanza. Meza ya mapumziko inagawanyika, chai inapoa, na msimamizi anaanza kutazama saa.

Mimi nimekulia kwenye Ligi Kuu ya nyumbani. Ukimaliza na pointi nyingi kuliko wenzako kombe ni lako, na mtani wako akinuna, msimamo wa ligi uko palepale ukutani. Ndiyo maana ilinichukua miaka kuelewa hawa wanabishania nini hasa. Vyuo vya daraja la juu vinazidi 130, kila kimoja hucheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida, na nyingi kati ya hizo ni ndani ya konferensi yake, yaani kundi la vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe. Timu mbili kali zinaweza kumaliza mwaka zisikutane, zisiwe hata na mpinzani mmoja waliyecheza naye wote. Huwezi kuwaandikia hao msimamo mmoja. Zamani waandishi wa habari walipiga kura, na orodha ya shirika la habari la AP ipo tangu 1936. Kati ya 1998 na 2013 wakachanganya kura na hesabu za kompyuta. Tangu msimu wa 2014 ipo kamati. Kwa miaka kumi ya kwanza ilichagua timu nne; kuanzia msimu wa 2024 zinaingia 12: mwaka huo na 2025 walikuwa mabingwa watano wa konferensi walioshika nafasi za juu zaidi kwenye orodha yake, na timu saba nyingine ilizozichagua yenyewe.

Kwa hiyo ukiulizwa nani aingie, usikimbilie kutaja jina. Kuna maswali mawili yamevaa kanzu moja. La kwanza: ni timu ipi bora, yaani wakikutana Jumamosi ijayo kwenye uwanja usio wa yeyote, nani atashinda? La pili: ni timu ipi imestahili, yaani kwa yale iliyokwisha kufanya tangu Septemba, nani amejipatia kiti? Mara nyingi majibu hufanana na hakuna anayegundua kwamba maswali ni mawili. Yakitofautiana, ndipo watu hurushiana maneno. Mwaka yalipotofautiana vibaya kuliko wakati wowote ni 2023, na ndiyo kesi ninayompa kila mgeni anayetaka kujifunza kuchagua.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, nafasi zikiwa nne, Michigan na Washington hazikuwa na ubishi: zote 13–0, zote mabingwa. Zilibaki nafasi mbili na timu tatu. Texas ilikuwa imeshinda 12 na kupoteza moja, lakini mnamo Septemba ilikwenda Tuscaloosa na kuichapa Alabama kwao. Ukiichukua Alabama huwezi kuiacha Texas, mtoto mdogo anaelewa hilo. Mwisho wa hesabu ikabaki hii:

| | Florida State | Alabama |
|---|---|---|
| Rekodi | 13–0 | 12–1 |
| Ubingwa | ACC | SEC |
| Fainali ya konferensi | Louisville, 16–6 | Georgia, 27–24 |
| Kichapo | hakuna | Texas, 24–34, nyumbani |
| Dhidi ya LSU | 45–24, Orlando | 42–28, Tuscaloosa |
| Kwotabeki (mwongoza mashambulizi) | wa kwanza kaumia tangu 18 Novemba | mzima |
| Nafasi wiki moja kabla | 4 | 8 |
| Nafasi ya mwisho | 5 | 4 |

Ukilitazama jedwali hilo kwa haraka utasema Florida State imeonewa. Ukilitazama kwa makini zaidi utaona Alabama ina neno la kusema, na ni neno zito. Georgia ilikuwa bingwa mara mbili mfululizo na ilikuwa imeshinda mechi 29 bila kupoteza hadi Alabama ilipoisimamisha siku moja tu kabla ya uteuzi. Florida State haikuwa na ushindi wa kimo hicho. ACC mwaka ule haikuwa konferensi ya kutisha, wakati Alabama ilikuwa ikipita kwenye SEC, ambako kila wiki mbili unakutana na mtu mwenye hasira.

Lakini Alabama hiyohiyo, baada ya kichapo cha Texas, ilimweka benchi kwotabeki wake Jalen Milroe, ikaenda South Florida na kujikokota hadi 17–3. Kwotabeki, kwa asiyemjua, ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe, augawe au akimbie nao. Timu bila yeye ni kama daladala bila dereva, ingawa konda anaweza kuisogeza kidogo. Mwishoni mwa Novemba Alabama ilikuwa nyuma dhidi ya Auburn, jaribio la nne na la mwisho, yadi 31 kutoka mstari wa goli, sekunde zinaisha. Milroe akarusha, Isaiah Bond akaudaka pembeni kabisa, 27–24. Pasi ile ingeanguka chini, leo nisingekuwa na cha kuandika. Timu iliyohitaji muujiza kwa Auburn haiwezi kusema imekuwa mashine msimu mzima.

Upande wa pili kuna mguu wa Jordan Travis. Aliumia tarehe 18 Novemba dhidi ya North Alabama, mechi ambayo hakuna aliyetarajia Florida State ipoteze. Akaingia Tate Rodemaker, wakaipiga Florida 24–15 ugenini. Rodemaker naye akapata mtikisiko wa ubongo, na fainali ya ACC ikachezwa na Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, kwotabeki wa tatu kwenye foleni. Haikuwa mechi ya kupendeza. Ulinzi ndio ulioishinda: Louisville waliondoka na pointi sita tu.

Boo Corrigan, mwenyekiti wa kamati mwaka ule, alieleza kwamba bila Travis, Florida State ni timu nyingine. Na kamati haikulizua hilo. Kanuni zake zinaruhusu kuangalia kukosekana kwa wachezaji au makocha muhimu, ikiwa kumeathiri timu au kuna uwezekano wa kuiathiri katika mtoano. Kwa maneno mengine, kamati iliulizwa swali la kwanza, la ubora, ikajibu swali la kwanza. Mimi sina ugomvi na jibu lao kama swali ni hilo. Ugomvi wangu ni na tarehe.

Angalia mstari wa mwisho wa jedwali na ule ulio juu yake. Tarehe 28 Novemba kamati iliiweka Florida State nafasi ya nne. Travis alikuwa ameumia siku kumi kabla. Kila mtu alijua hatarudi. Yaani kwa kujua kwamba hayupo, bado waliwaona wanne bora. Siku nne baadaye timu hiyo ikashinda fainali yake na kombe juu, halafu ikashuka. Alabama kupanda naelewa, imeipiga Georgia. Ila kumwambia mtu "wewe ni wa nne bila dereva wako," halafu akashinda, ukamwambia "sasa umekuwa wa tano kwa sababu huna dereva," hapo mimi nashindwa kufuata. Travis mwenyewe aliandika mtandaoni kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi msimu ule, ili watu waone timu ni zaidi ya kwotabeki. Mchezaji kutamani avunjike mapema! Kanuni inayomfikisha kijana hapo ina kasoro mahali fulani.

Jamaa mmoja wa ghalani, mwenyeji wa Tuscaloosa, hunijibu kila mara kwa namba mbili: 63 na 3. Ndivyo Georgia ilivyoichapa Florida State kwenye Orange Bowl tarehe 30 Desemba 2023, tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya mechi za bowl, yaani zile mechi maalumu za baada ya msimu. Kwake kesi imefungwa. Kwangu namba hizo hazithibitishi chochote, na sababu ni rahisi. Waliovaa jezi siku ile hawakuwa timu iliyoshinda 13. Wachezaji zaidi ya ishirini hawakuwepo: wengine walikuwa wanajilinda kwa ajili ya ligi ya kulipwa, wengine wamehama chuo, Rodemaker akiwa mmoja wao. Ukimnyima mtu harusi, usimcheke kwamba amekuja kwenye chai ya jioni na kandambili.

Nikiwa mkweli lazima nimpe na yeye chake. Alabama haikuaibisha kiti ilichopewa. Kwenye Rose Bowl ilimsukuma Michigan, aliyekuja kuwa bingwa, hadi muda wa nyongeza, 27–20. Washington, aliyekuwa na rekodi safi, alichapwa na Michigan huyohuyo 34–13 kwenye fainali. Kwa swali la ubora, kamati haikukosea. Lakini matokeo ya Januari hayawezi kuwa ushahidi wa uamuzi wa Desemba, kwa sababu waliobaki nje hawakupewa nafasi ya kuandika yao.

Hapo ndipo huwa nautoa mfano wa 2014, mwaka wa kwanza wa kamati. Ohio State ilimpoteza kwotabeki wake kabla ya msimu kuanza, ikampoteza na wa pili, J.T. Barrett, kwenye mechi ya mwisho dhidi ya Michigan. Akabaki wa tatu, Cardale Jones, ambaye alikuwa hajaanza hata mechi moja. Kwenye fainali ya konferensi yao, Big Ten, akaiongoza timu kuichapa Wisconsin 59–0. Kamati ikaipandisha Ohio State kutoka tano hadi nne, na TCU iliyokuwa ya tatu na iliyoshinda siku hiyohiyo 55–3 ikashushwa hadi ya sita. Jones akaenda kuipiga Alabama 42–35, kisha Oregon 42–20, na kombe likaenda Columbus. Kwotabeki wa tatu, bingwa wa nchi. Linganisha na Glenn. Tofauti ya wawili hao mbele ya kamati ilikuwa nini? Sura ya ushindi. 59–0 inapendeza, 16–6 haipendezi. Ukichagua kwa swali la ubora, ujue unanunua na kipimo cha urembo humohumo.

Wapo waliodhani kwamba nafasi zikiongezwa kelele zitakwisha. Msimu wa 2024 zikawa 12, na mstari wa ubishi ukahama kutoka namba nne na tano kwenda namba kumi na kumi na moja. Safari hii kesi ilikuwa ya kwetu Dallas: SMU dhidi ya Alabama, kwa mara nyingine Alabama.

Hii naipita haraka kwa sababu kwangu haikuwa ngumu. SMU, chuo ambacho mwaka 1987 kilifungiwa msimu mzima kwa kuwalipa wachezaji kwa siri, kilikuwa kimeingia ACC mwaka huohuo wa 2024 na kushinda mechi zote nane za konferensi. Kwenye fainali ilirudi kutoka nyuma sana ikasawazisha, halafu Nolan Hauser wa Clemson akapiga mpira kwa mguu kutoka yadi 56 muda ukiisha, 34–31. Ikabaki 11–2. Alabama ilikuwa 9–3. Ilikuwa na ushindi mkubwa zaidi, Georgia 41–34 na South Carolina 27–25, lakini ilikuwa imepigwa na Vanderbilt 40–35 na Oklahoma 24–3, timu mbili zilizomaliza msimu wa kawaida zikiwa na ushindi sita na vichapo sita. Unaruhusiwa kuteleza. Kuteleza mara mbili kwa watu wa katikati ya msimamo, tena mara moja bila hata tachidauni moja, yaani bila kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, halafu ukadai kiti cha mtu aliyepoteza fainali kwa teke la mwisho, hapana. Kamati ikaichukua SMU. Kaka mmoja Mkongomani, wa Lubumbashi, ambaye hadi siku ile alikuwa hajui SMU inacheza mchezo gani, alinunulia meza nzima soda.

Jamaa wa Tuscaloosa alisubiri wiki mbili, akaja na namba nyingine: 38 na 10, ndivyo Penn State ilivyoiadhibu SMU kwenye baridi ya Pennsylvania. Nami nilisubiri hadi Alabama ilipopigwa na Michigan 19–13 kwenye bowl yake. Tukawa sare, na hakuna aliyekuwa amethibitisha chochote.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba SMU haikuadhibiwa kwa kucheza fainali. Fikiria upande wa pili: Alabama ilikaa nyumbani wikendi ile, miguu juu ya meza. Kama kucheza mechi ya ziada kunaweza kukuondoa na kukaa sebuleni kunakuingiza, hakuna kocha mwenye akili atakayetaka kufika fainali ya konferensi tena.

Kisha ukaja 2025 na kesi ambayo naiona ndiyo bora kabisa ya kujipimia, bora hata kuliko ya Florida State, kwa sababu haina majeruhi wala huruma ndani yake. Ni mechi moja tu na kalenda.

Miami na Notre Dame. Zote 10–2. Tarehe 31 Agosti walikutana Miami, wenyeji wakashinda 27–24. Wiki mbili baadaye Notre Dame ikapoteza tena, kwa Texas A&M, 41–40. Vichapo viwili, jumla ya pointi nne. Baada ya hapo ilishinda mechi kumi mfululizo, nyingi kwa kishindo. Miami ilianza kwa moto, kisha ikateleza mbele ya Louisville 24–21 na SMU 26–20 kwenye muda wa nyongeza, kabla ya kujikusanya tena Novemba. Unaona mtego? Ukiuliza nani anacheza vizuri zaidi sasa hivi, wengi watakwambia Notre Dame. Ukiuliza nani alishinda walipokutana, jibu liko kwenye ubao wa matokeo na haliwezi kufutwa.

Kamati yenyewe ilichanganyikiwa. Wiki baada ya wiki iliiweka Notre Dame juu ya Miami, kana kwamba mechi ya Agosti ilichezwa katika nchi nyingine. Halafu kwenye orodha ya mwisho, tarehe 7 Desemba, Miami ikawa ya kumi na Notre Dame ya kumi na moja, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyecheza wikendi ile. Maelezo yalikuwa kwamba BYU, iliyokaa katikati yao, ilipigwa na Texas Tech 34–7 na kushuka, hivyo hao wawili wakasimama bega kwa bega na sasa matokeo ya ana kwa ana yangeweza kuwatenganisha. Notre Dame ilikasirika kiasi cha kukataa kucheza bowl yoyote.

Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi na njia ilikuwa mbovu. Matokeo ya ana kwa ana hayahitaji watu wasimame karibu ndipo yahesabike. Kama rekodi zinafanana, aliyekushinda yuko juu yako, tangu wiki ya kwanza ya orodha hadi ya mwisho. Notre Dame ingeambiwa hivyo mapema Novemba, ingekuwa na mwezi mzima wa kuzoea. Badala yake ilipewa kiti, ikakalia, ikaanza kufungua chakula, ndipo ikaambiwa inyanyuke.

Miami ilipoingia ikaishinda Texas A&M 10–3 ugenini, ikaitoa Ohio State 24–14, ikaiangusha Ole Miss 31–27, na ikapoteza fainali kwa Indiana 27–21 kwenye uwanja wake wa nyumbani. Nashawishika kusema "mmeona?" Lakini nilishamkatalia mwenzangu namba zake za Januari, kwa hiyo na mimi najikatalia zangu.

Basi ukiniuliza unipe timu mbili nikuchagulie, nitafanya hivi. Kwanza nitauliza kama wamekutana na rekodi zao zinalingana. Kama ndiyo, nimemaliza, sihitaji hata kumwaga chai. Kama hawajakutana, natazama mpinzani wa pamoja. Hapo Florida State na Alabama walikuwa na LSU, na Florida State ilishinda kwa pointi 21 kwenye uwanja usio wake, Alabama kwa 14 nyumbani. Kisha napima vichapo kabla ya ushindi. Wengi hufanya kinyume, na naelewa kwa nini, ushindi mkubwa una mvuto. Lakini konferensi kubwa zinakupa nafasi nyingi za ushindi mkubwa, wengine wanapewa moja au hakuna; kichapo kutoka kwa timu dhaifu ni kosa lako mwenyewe popote ulipo. Ubingwa wa konferensi nauweka juu ya uzito wa ratiba, kwa sababu kombe umelishinda na ratiba umepangiwa. Majeruhi nayatumia upande mmoja tu: kumsamehe aliyepoteza akiwa hana mtu wake. Kumhukumu mtu aliyeshinda bila yeye, sijawahi kuona mantiki yake. Na sura ya ushindi naiacha mlangoni pamoja na viatu.

Kipimo hiki kina gharama, na nisiifiche. Kinanilazimu kuwatetea wadogo hata wanapokuja kuumia. Mwaka 2017 UCF ilishinda mechi zake zote za msimu na kamati ikaiweka nafasi ya kumi na mbili. Kwenye Peach Bowl ikaipiga Auburn 34–27, Auburn ileile iliyokuwa imezipiga Alabama na Georgia, ambazo ndizo zilizocheza fainali. UCF ikajitangaza bingwa na kufanya gwaride Disney World, na mimi nilicheka kama wengine, ingawa hesabu yao haikuwa ya kuchekesha. Lakini mwaka 2025 kipimo hichohicho kilinifanya nishangilie James Madison kuingia na rekodi ya 12–1 wakati Duke, bingwa wa ACC mwenye vichapo vitano, akibaki nje. James Madison ikaenda Oregon na kupigwa 51–34, na Tulane, mdogo mwingine aliyeingia, ikala 41–10 kwa Ole Miss. Jamaa wa Tuscaloosa alinitumia matokeo yote mawili kwa simu bila neno lolote. Sikubadilisha msimamo, ila sikumjibu pia.

Ipo kesi moja ambayo kipimo changu kinayumba, nayo ni jirani wa hiyo ya Miami. BYU ilimaliza 2025 na rekodi ya 11–2, vichapo vyote viwili kutoka kwa timu moja, Texas Tech, iliyomaliza ya nne. Alabama ilimaliza 10–3. Zote mbili zilichapwa vibaya kwenye fainali za konferensi zao: BYU 34–7, Alabama 28–7 mikononi mwa Georgia. BYU ikashuka nafasi moja, Alabama ikabaki ya tisa kana kwamba haijacheza, na hilo lilinikera kweli. Na kichapo cha kwanza cha Alabama mwaka ule kilitoka wapi? Tallahassee, 31–17, kwa Florida State, ambayo baadaye iliishia na ushindi tano tu. Miaka miwili baada ya kunyang'anywa kiti waliwapiga haohao waliokikalia. Mashabiki wao walishangilia kama wamelipwa deni.

Kwa kupima vichapo kwanza, BYU anapita. Hakuna aibu kupoteza mara mbili kwa timu ya nne. Lakini Alabama ilikwenda Athens mnamo Septemba na kuipiga Georgia kwao 24–21, mahali ambapo watu hawashindi, na BYU hakuwa na kitu cha kukaribia hapo. Nilikaa na karatasi na kalamu wakati wa mapumziko, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nikaiandika BYU, kwa herufi ndogo. Nilipomwonyesha jamaa wa Tuscaloosa hakukasirika. Alisema hata yeye, kama angekuwa kwenye chumba kile Grapevine, mkono ungemtetemeka kidogo kabla ya kubonyeza Alabama. Tarehe 1 Januari Indiana ikawachapa Alabama 38–3 Pasadena, na kesho yake hakuja kazini. Sikumtumia namba zile.